Kumuuliza Baba

Majuzi niliingia kwenye duka moja la dawa hapa Komarock kununua vidonge vya kichwa. Mbele yangu alisimama mzee aliyejikata kidole, na muuzaji akafungua chupa ya spiriti ili amsafishe. Harufu ilinifikia kabla sijajua ni ya nini. Nilisahau nilichokuja kununua. Nilirudi nyumbani na kichwa kilekile, nikaketi, nikaanza kuandika haya, na aya hii ya kwanza nimeiandika na kuifuta hata naona aibu. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Neno moja lisipokaa sawa, silali. Mara hii nitajaribu kuyaacha mambo yalivyo.

Spiriti ndiyo harufu ya baba. Si baba yule wa kwanza, aliyenukia sabuni ya kiwanda alichofanyia kazi na aliyeimba besi kanisani hadi benchi likatetemeka chini ya mapaja yangu. Nasema baba wa pili, mtu yuleyule baada ya kulala kitandani. Kiharusi kilimpata asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Kuanzia hapo upande wake wa kulia ukawa mzigo na sauti ikakatika. Hospitali ilikaa naye, kisha ikamrudisha kwetu.

Tuliishi Mowlem, ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa mlango tulipika na ndipo nilipolala mimi; upande wa dirisha kulikuwa na kitanda chao. Kila asubuhi, kabla ya kwenda soko la Gikomba anakouza nguo za watoto, mama alimgeuza baba ubavu, akampangusa mgongo kwa spiriti, akampaka poda ili asipate vidonda vya kulala. Upepo ukitoka Dandora, moshi wa jaa la taka la huko uliingia dirishani ukachanganyika na poda. Nikiwa darasani niliweza kuvinusa vyote kwenye sweta yangu, na nilikaa mbali na wenzangu wasije wakavinusa pia.

Lakini nilichotaka kueleza ni hodi ya mama.

Jioni alirudi na mfuko wa nguo zilizobaki. Aliuweka chini kwenye ushoroba, akagonga mlango, akasema hodi. Mlango ulikuwa wetu na ufunguo alikuwa nao mkononi. Mara nyingi mlango ulikuwa wazi kabisa, na mimi niko pale pale nachambua mchele, tunatazamana. Alisema hodi na kungoja. Akishaingia, alifika kwenye pazia akasema tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Hodi, Baba Kageha." Kageha ni mimi. Alisimama mbele ya yale maua, mikono imeshuka, kisha baada ya muda akalisogeza pazia, akapita.

Ploti nzima, jengo letu lote la wapangaji, ilijua. Watu wa ghorofa yetu waliona ni huzuni tu imemzidi, wakamwachia. Watoto hawakumwachia mtu. Njeri wa mlango wa pili, aliyekuwa rika langu na mwenye mdomo wa watu wazima, alinipokea kwenye ngazi nikitoka shule: "Niaje Kageha, leo buda yako amesema karibu?" Wengine wakacheka. Alisema mathe yangu ameanza kuongea na pazia, na kwamba karibuni pazia litamwomba chai.

Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu niliamini baba hujibu.

Sijui niliipata wapi imani hiyo, ila ilikuwa na mantiki yake. Mama hakupita kabla ya kungoja, na baada ya kungoja hakukosa kupita. Kwa hiyo katikati kulikuwa na kitu alichokisikia. Nikaamua ni sauti ndogo wanayoisikia watu waliooana. Baadaye nikafikiri labda na mtoto anaweza kuisikia, akistahili. Nikitoka shule, kabla Mama Njeri, aliyemchungulia baba mchana, hajaja kuniachia zamu ya kumwangalia, nilisimama mbele ya pazia na kusema hodi. Nilizuia pumzi. Nilisikia maji yakimwagwa chini, redio ya mtu, mbwa. Ile "karibu" sikuisikia.

Nikaamua kosa liko kwenye hodi yangu. Nikaanza kuirekebisha. Nilinawa miguu kwanza. Nilichomekea blauzi. Nilijaribu sauti ya juu, sauti ya chini, sauti ya kanisani. Siku nyingine nilitoka hadi kwenye ngazi nikaanza upya kwa sababu nilikohoa njiani. Sidhani mtu anaweza kuonyesha mahali ugonjwa wake ulipoanzia, ila nikiulizwa kwa nini siwezi kutuma hata ujumbe mfupi wa simu bila kuusoma tena na tena, nitaonyesha pazia lile.

Mwishowe nilichoka, nikamuuliza mama tukiosha vyombo.

"Mama, baba husemaje ukibisha hodi?"

"Hasemi kitu. Si unajua hawezi."

"Sasa huwa unangoja nini?"

"Nangoja muda ambao angetumia kusema." Alisuuza sahani, akaitazama kwenye mwanga, akanipa nipanguse. "Halafu apate kujifunika. Mkono wa kushoto uko sawa."

Hayo tu. Sikumbuki kuguswa. Nakumbuka nilihisi nimedanganywa, kama mtu aliyefunga akaombea kitu, akaambiwa ofisi ya kupokea maombi ilishafungwa. Niliacha kunawa miguu. Hodi niliendelea kuisema mama akiwa nyumbani, kwa sababu alikuwa akisikiliza.

Sikufika chuo kikuu. Nafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta, nachapa na kunakili hati za watu, na wateja wakipungua nasoma sheria kwenye kompyuta, bila mwalimu na bila mpangilio. Nilianza na Katiba kwa sababu ilikuwa bure. Kuna kipengele kifupi kinachosema kila mtu ana utu aliozaliwa nao, na ana haki utu huo uheshimiwe na ulindwe. Nilikisoma nikiwa nakula chapati. Nilirudia neno kwa neno, kama ninavyorudia kila kitu, nikaona kwamba dola haisemi inakupa utu. Inasema umeukuta unao. Kazi yake ni kuuheshimu na kuulinda tu. Kutoka hapo nikaingia kwa wanafalsafa, na huko nikapotea. Wako wanaosema utu wa mtu unakaa kwenye akili yake, kwenye uwezo wake wa kupima jambo na kuamua. Wengine wanasema hapana, ukisema hivyo utawatupa nje watoto wachanga na wagonjwa; utu unakaa kwenye kule kuwa mtu tu. Wetu wa huku wanasema mtu ni utu, wakaachia hapo, na sisi tukabaki kutafuta maana.

Niliyasoma hayo yote kwa makini na bila hisia yoyote, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya ugonjwa ambao mgonjwa wake ameshazikwa. Nilichokuwa natafuta ni Jumapili moja.

Kabla ya Jumapili hiyo wageni walikuja wengi. Kina mama wa kanisani waliimba, wakaweka mikono juu ya baba, wakaombea miguu yake huku wameiegemea. Waliuliza maswali yao juu ya kichwa chake. Amekula? Huyu hulala usiku? Anajua watu? Mama aliwajibu kwa adabu, halafu akamgeukia baba akamwambia yale yale aliyowajibu, kama mtu anayetafsiri mkutano. Baba alikuwa na kidole kimoja cha kutegemea, cha shahada, cha mkono wa kushoto. Akikiinua kutoka kwenye blanketi ni ndiyo. Akikilaza ni hapana. Mama alimpa chaguo kwa kila kitu: uji au chai, dirisha wazi au lifungwe, ubavu huu au ule. Ilichosha kutazama. Nilikuwa na njaa na uji unapoa, na mama bado anauliza kama auongeze sukari.

Baba mkubwa Enos alifika kutoka Vihiga pamoja na shangazi Respa. Alikuwa kaka mkubwa wa baba, mtu mzito, mwenye koti hata kukiwa na joto, na hakuwa mtu mbaya. Nasisitiza hilo kwa sababu nikiwa mtoto nilimwandikia ubaya wote. Alikuwa amekuja kumchukua baba. Tulijua kabla hajafika, kwa sababu alipiga simu, na siku ile ya simu nilimsikia mama akimwambia Mama Njeri, wakikamua blanketi pamoja, kila mmoja kwa ncha yake: "Wakimchukua, mimi jioni nitakuwa narudi kwa nani?" Mama Njeri akasema si una mtoto. Mama akasema mtoto ninaye, na wakaendelea kukamua.

Tulikunywa chai. Shangazi Respa alikaa ukingoni mwa kitanda akimenya njugu. Pazia lilikuwa limefunguliwa ili baba awepo, lakini viti vilikuwa vimetazamana, na yeye akawa nyuma ya mgongo wa baba mkubwa.

"Mulamwa," baba mkubwa alimwambia mama, neno letu la shemeji, "hapa unamfungia. Wewe uko Gikomba mchana kutwa, mtoto yuko shule, jua halioni. Kule kuna uwanja. Kuna mama yake. Kuna watu wa kumgeuza bila kuchoka."

"Najua."

"Basi tukubaliane."

"Tukubaliane sisi wawili, na mwenye safari amelala hapo?"

Baba mkubwa akapangusa uso kwa leso. Hakuwa na hasira. "Ndugu yangu sasa si mtu wa kuulizwa," akasema. "Ni mtu wa kuhurumiwa."

"Hata akiwa mzima ukimuuliza kitu alikuwa anakujibu kwa wimbo," shangazi akasema, akatema ganda.

Mama alicheka. Nakumbuka kwa sababu sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, na hakikuwa kicheko cha kuigiza. Kisha akasimama. "Aulizwe," akasema. "Uulize wewe. Mimi nitatoka nje, isije ikasemwa nilimkonyeza." Akanigeukia. "Wewe baki. Angalia kidole."

Akatoka, akafunga mlango.

Lazima nieleze nilichoamini wakati huo, maana ndicho kilichoniharibikia. Niliamini hiyo ni mbinu. Nilifikiri mama amewapata. Kwa kuwa baba angetaka kubaki nasi, jambo ambalo halikuhitaji hata kufikiriwa, kilichobaki ni kuwafanya waone kwa macho yao. Uji au chai, ubavu huu au ule: nikadhani kumbe muda wote huo mama alikuwa anamfundisha baba kwa ajili ya siku hii. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikiwa karibu kufurahi.

Baba mkubwa hakujua aanzeje. Aliinama, akapaza sauti kama anamwita mtu wa ng'ambo ya mto. Nikamwambia baba anasikia vizuri. Akakohoa. Akashusha sauti. Akamuuliza baba kama anataka kubaki hapa Mowlem na mke wake na mtoto wake.

Kidole kililala.

Nikangoja. Nilifikiri anafikiria. Nikampa muda wote ambao mama humpa, nikamwongezea. Blanketi lilikuwa la kijivu lenye mstari mwekundu, na kidole kilikuwa juu ya ule mstari. Hakikuinuka.

Baba mkubwa akamuuliza kama anataka kwenda naye Vihiga, kwa mama yao.

Kidole kikainuka.

Wa kwanza kusema alikuwa baba mkubwa, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Labda hajaelewa," alisema. Akavuta kiti, akakaa karibu zaidi, akamuuliza upya kwa Lulogooli, lugha yao, ambayo mimi naijua nusu. Alimwita kwa jina ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, nadhani la utotoni. Alimuuliza polepole, akaeleza, nadhani akamwambia kwamba sisi tutabaki huku, kwa sababu nilisikia jina langu. Kisha naye akangoja.

Kidole kikainuka tena, kikakaa juu muda mrefu, kikaanza kutetemeka kwa uchovu, na bado hakukishusha.

Shangazi Respa aliacha njugu. Watu huniuliza, nikiwasimulia, kama baba alikuwa ananitazama. Sijui alikuwa anatazama wapi. Niliambiwa niangalie kidole.

Nilitoka nje. Mama alisimama ushorobani katikati ya nguo za watu zilizoanikwa.

"Amesema nini?"

"Anaenda."

"Mmemuuliza vizuri?"

"Kwa Kiswahili na kwa kwao."

Mama alishika mkono wa shati la jirani akaukamua, na shati lilikuwa limekauka tangu asubuhi. Akaliachilia. "Haya," akasema. Akaingia ndani, akaenda hadi kitandani akamwambia baba, "Nimesikia." Halafu akamuuliza ni koti gani atasafiri nalo.

Niliwaza mawili tu, na niliyawaza kwa miaka. La kwanza, kwamba baba hakutupenda. La pili, kwamba mama ni mjinga. Asingeuliza, tungebishana, tungelia, majirani wangeingia, na pengine baba mkubwa angerudi bila kitu. Watu walikuwa wameshampa mama ruhusa ya kumwamulia baba. Yeye ndiye aliyeikataa, na kwa mkono wake mwenyewe akawapa kile walichokifuata.

Walimshusha asubuhi iliyofuata. Wanaume wa ploti walitaka kumbeba kwenye blanketi, kwa kuwa ngazi ni nyembamba. Mama akakataa, akaleta kiti cha plastiki, wakamfunga kwa leso mbili za mama kifuani, akashuka ameketi, uso mbele. Mama Njeri na wengine walikuwa wameshaanua nguo zote za ghorofa tatu ili nguo mbichi zisimpige usoni. Nilikuwa sijawahi kuiona ploti yetu bila nguo. Ilikuwa kama jengo lisilokaliwa. Njeri alikuwa kwenye ngazi ya chini, akaniambia niaje, nami nikamwambia poa, kwa sababu hivyo ndivyo hujibiwa.

Nilimtembelea likizo moja. Aliketi chini ya paa la jiko la bibi, amekuwa mweusi kwa jua, kuku wanapita kati ya miguu yake. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amejuta. Nilimkagua uso kama mwalimu anayesahihisha mtihani, na sikuona kujuta wala furaha. Niliona mtu ameketi nje. Baba mkubwa alikuja na koti lake, akachuchumaa mbele yake na kumuuliza kama anataka kusogezwa kivulini au aache jua limfike magoti. Kidole kilifanya kazi yake. Baba mkubwa akasogeza kiti kidogo, akauliza tena kama hapo ni sawa. Nilitamani kumchukia, na nikashindwa.

Baba alifia huko, wakati wa kupanda. Tulienda, tukazika, tukarudi Mowlem. Mama alikuwa ameshaondoa pazia.

Sasa najua, kwa kusoma, jina la kile ambacho mama alikilinda. Najua majaji huandika kwamba utu ndio msingi ambao haki nyingine zimesimama juu yake. Najua pia kitu ambacho bado sijakiona kimeandikwa mahali, labda kwa sababu sijasoma vya kutosha: kwamba ukimheshimu mtu kweli, umempa nafasi ya kukuacha. Nimeigeuza sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta ubaya wake. Kila nikiigeuza inabaki ilivyo, na mimi nabaki sihisi kitu.

Jana nilienda Gikomba. Mama bado yuko pale pale, kibanda kile kile, sweta za watoto zimepangwa kwa ukubwa. Nilisaidia kufungua robota la nguo, tukanywa chai, nikamwambia kuhusu duka la dawa. Kisha nikamuuliza lile ambalo sijawahi kumuuliza: alipotoka nje Jumapili ile, alidhani baba atajibu nini.

"Nilijua ataenda," akasema. "Alikuwa amechoka kulala mbele ya mtoto. Nilikuwa nimeliona."

"Sasa kama ulijua, kwa nini aulizwe?"

"Mimi kujua si yeye kusema."

Mteja akapita, akagusa sweta moja, akaenda. Mama akaikunja upya.

"Na uliumia?" nikauliza.

"Sana," akasema, kama mtu anayetaja bei.

Nilidhani hapo nitalia. Nilijipa muda. Fundi wa mbao upande wa pili alikuwa akipiga randa, na vumbi lilikuwa likitua kwenye nguo. Nikachukua sweta, nikaipiga vumbi, nikaikunja, haikukaa sawa, nikaiacha hivyo.